Jinsi ya kuwasha KCSAN kwenye keneli ya Linux ukamate migongano ya data, hatua kwa hatua

Kuchele wakubwa kwa wadogo. Nimeona bora niandike mara moja maana maswali ni yaleyale, leo kijana wa Ligula ananitumia picha ya skrini, kesho dada yuko Masasi, keshokutwa mtu wa Lindi mjini, na wote wanauliza kitu kimoja kuhusu KCSAN (Kernel Concurrency Sanitizer, chombo cha ndani ya keneli, yaani kiini cha Linux, kinachokamata migongano ya data): nimewasha KCSAN mbona haisemi kitu, mbona imepotea kwenye konfigi (faili la mipangilio ya keneli), mbona ripoti zimejaa nifanyeje. Soma mpaka chini kabla hujagusa kibodi, na hatua ya 8 isome mara mbili, hiyo ndo hasa iliyonifanya nikae chini kuandika.

Kwanza ujue unachokamata. Chukulia msimu wa korosho, ghala la chama cha msingi, makarani wawili wanaandika jumla ya kilo kwenye daftari moja. Wa kwanza anasoma 400, anageuka kupima gunia la kilo 80. Wa pili naye anasoma ileile 400, anapima mzigo wa kilo 60, anaandika 460. Wa kwanza anarudi na 480 yake kichwani, anaiandika juu ya ile 460. Kilo 60 za mkulima zimeyeyuka na hakuna aliyeiba. Ndani ya keneli makarani ni prosesa mbili, daftari ni sehemu moja ya memori, na tatizo likitokea halirudi ukilitafuta, ndo maana watu wanahangaika nalo wiki nzima.

KCSAN inalitafuta hivi: kompaila inaweka kituo cha ukaguzi kwenye kila kusoma na kuandika memori, halafu kila baada ya kama mara 4000 keneli inachagua mguso mmoja, inasimama hapo kidogo (maikrosekunde 80 kwa kazi ya kawaida, 20 ikiwa ndani ya interapti, yaani kifaa kimekatisha kazi ya prosesa) na kuangalia kama prosesa nyingine itagusa palepale au thamani itabadilika. Ikitokea, inaandika ripoti. Imo kwenye keneli rasmi tangu toleo la 5.8 la mwaka 2020 kwa x86_64, na ARM ya biti 64 ikafuata kwenye 5.17. Nadharia inatosha hapo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Laptopu ya biti 64 yenye Linux. RAM ya GB 8 ndo raha, GB 4 inawezekana ila uwe na subira. Acha nafasi ya GB 20 kwenye diski.
- GCC 11 au Clang 11, au toleo jipya zaidi ya hapo. Hapa wengi ndo wanakwama. Ubuntu 20.04 inakuja na GCC 9, haifai. Ubuntu 22.04 ina GCC 11 na Debian 12 ina GCC 12, hizo ziko poa.
- Bando. Faili la keneli lililobanwa ni kama MB 150 hivi. Usivute historia nzima kwa git, ni GB kadhaa, utamaliza bando la wiki na bado hujaanza kazi.
- Umeme au betri yenye afya. Kwenye laptopu ya kawaida kujenga mara ya kwanza kunaweza kula saa nzima au zaidi, kwa hiyo usianze saa moja jioni ukiwa na chaji asilimia 20.

Na tafadhali usiiweke keneli hii kwenye laptopu unayofanyia kazi kila siku. Waundaji wenyewe kwenye kipimo chao kidogo walipata keneli inapungua kasi kama mara 5. Tutaiwasha ndani ya QEMU, programu inayoendesha mashine ndani ya mashine, ikianguka inaanguka yenyewe na faili zako ziko salama.

Hatua

1. Weka pakiti.

```
sudo apt install build-essential flex bison bc libelf-dev libssl-dev cpio busybox-static qemu-system-x86
gcc --version
ls -l /dev/kvm
```

Amri ya pili ikikuonyesha namba chini ya 11, simama hapo ushughulikie kompaila kwanza. Amri ya tatu ikisema faili halipo, nenda kwenye BIOS uwashe uwezo wa prosesa kuendesha mashine ndani ya mashine. Bila hiyo QEMU itafanya kazi lakini kwa kujikokota sana.

2. Shusha keneli kutoka kernel.org na uifungue. Mimi natumia 6.12.

```
tar xf linux-6.12.tar.xz
cd linux-6.12
```

3. Tengeneza konfigi.

```
make defconfig
make kvm_guest.config
./scripts/config -e DEBUG_KERNEL -e DEBUG_FS -e KCSAN -d KASAN
./scripts/config -d DEBUG_INFO_NONE -e DEBUG_INFO_DWARF_TOOLCHAIN_DEFAULT
make olddefconfig
grep KCSAN .config
```

Ule mstari wa mwisho usiuruke hata kama una haraka. Hiyo scripts/config inaandika tu unachomwambia, haikagui chochote, halafu olddefconfig inapita na kuondoa kimyakimya kila kitu kisichotimiza masharti, haikwambii neno. Mtu anajenga saa nzima akidhani amewasha kumbe imeshatolewa zamani. Lazima uone `CONFIG_KCSAN=y`. Usipoiona sababu ni mbili tu karibu kila mara: kompaila ya zamani, au KASAN (chombo kingine cha keneli, cha kukamata matumizi mabaya ya memori) imewashwa, maana hizi mbili haziwezi kukaa pamoja kwenye keneli moja.

4. Andika kosa la makusudi. Wengi hawapendi hatua hii, wanataka waende moja kwa moja kwenye draiva yao. Nakuomba usiiruke, kwa sababu usipokuwa na kosa unalolijua huwezi kujua kama ukimya ni dalili ya usalama au mtego haujategwa. Tengeneza faili `drivers/misc/korosho.c`:

```
#include <linux/init.h>
#include <linux/kthread.h>
#include <linux/printk.h>

static int jumla;

static int pima(void *jina)
{
	int i;

	for (i = 0; i < 5000000; i++) {
		jumla++;
		barrier();
	}
	pr_info("korosho: %s amemaliza, jumla %d\n",
		(char *)jina, data_race(jumla));
	return 0;
}

static int __init anza(void)
{
	kthread_run(pima, "karani1", "karani1");
	kthread_run(pima, "karani2", "karani2");
	return 0;
}
late_initcall(anza);
```

Halafu iunganishe:

```
echo 'obj-y += korosho.o' >> drivers/misc/Makefile
```

Hiyo `barrier()` msiitoe. Bila hiyo kompaila inaruhusiwa kuona kwamba unaongeza moja mara milioni 5 ikaamua kuongeza milioni 5 kwa mpigo mmoja, kitanzi kinapotea na kosa lako linapotea nacho.

5. Jenga.

```
make -j4
```

Mwenye RAM ya GB 4 aandike `-j2`, la sivyo mashine itaganda katikati. Umeme ukikatika usipige `make clean` kwa hofu, ukirudi andika amri ileile itaendelea ilipoishia.

6. Tengeneza mfumo mdogo wa faili na uwashe. Toka nje ya folda ya keneli kwanza:

```
cd ..
mkdir -p mzizi/bin mzizi/proc mzizi/sys
cp /bin/busybox mzizi/bin/
for a in sh mount cat dmesg grep poweroff; do ln -s busybox mzizi/bin/$a; done
```

Faili `mzizi/init` liwe na hivi:

```
#!/bin/sh
mount -t proc none /proc
mount -t sysfs none /sys
mount -t debugfs none /sys/kernel/debug
exec sh
```

Kisha:

```
chmod +x mzizi/init
(cd mzizi && find . | cpio -o -H newc | gzip > ../mzizi.cpio.gz)
qemu-system-x86_64 -enable-kvm -smp 4 -m 2G -nographic \
  -kernel linux-6.12/arch/x86/boot/bzImage \
  -initrd mzizi.cpio.gz -append "console=ttyS0"
```

Hapo kwenye `-smp 4` nakazia. Ukiacha kuiandika QEMU inakupa prosesa moja, na prosesa moja ni karani mmoja, ikisimama kusubiri mgongano hakuna wa kugongana naye. Naweza kusema nusu ya wanaoniambia KCSAN haisemi kitu ni hapa walipoteleza. Kutoka ndani ya QEMU bonyeza Ctrl na A, achia, kisha X. Usiandike `exit` kwenye ile sheli, keneli itapiga kelele kwamba umeua init na itasimama, andika `poweroff -f`.

7. Soma ripoti. Kwanza hakikisha mtego upo:

```
dmesg | grep kcsan
cat /sys/kernel/debug/kcsan
```

Utaona `kcsan: enabled early`, na kwenye lile faili `enabled: 1`. Halafu kwenye logi tafuta kitu kinachofanana na hiki, anwani na namba zako zitakuwa tofauti:

```
BUG: KCSAN: data-race in pima / pima

write to 0xffffffff84a1c0d8 of 4 bytes by task 61 on cpu 1:
 pima+0x3a/0x90
 kthread+0x1b2/0x1f0

read to 0xffffffff84a1c0d8 of 4 bytes by task 62 on cpu 2:
 pima+0x2b/0x90
 kthread+0x1b2/0x1f0

value changed: 0x0001e240 -> 0x0001e2a7
```

Isome kwa utaratibu huu. Mstari wa kwanza unakutajia funksheni mbili zilizogongana, hapa ni ileile kwa sababu makarani wote wanatumia pima. Kisha nani aliandika na nani alisoma, anwani ileile, baiti 4, prosesa tofauti. Mstari wa `value changed` ndo ushahidi wenyewe, yaani wakati karani wa pili amesimama na namba yake mkononi, daftari lilibadilika. Kupata mstari kamili wa kodi yako:

```
./scripts/faddr2line vmlinux pima+0x3a/0x90
```

Hiyo iendeshe ndani ya folda ya keneli kwenye laptopu, sio ndani ya QEMU. Sasa angalia na ile `korosho: ... jumla` ya karani aliyemaliza mwisho. Ilitakiwa iwe 10000000. Itatoka pungufu.

8. Rekebisha, usizibe. Jamani hapa naomba tuelewane. Ukitafuta msaada mtaani utaambiwa weka READ_ONCE na WRITE_ONCE (alama za kuiambia kompaila isome au iandike mara moja tu, palepale) ripoti itaondoka. Jaribu, ili uone kwa macho yako:

```
WRITE_ONCE(jumla, READ_ONCE(jumla) + 1);
```

Jenga tena, washa tena. Ripoti haipo, kweli kabisa. Angalia jumla sasa. Bado pungufu! Makarani bado wanasoma daftari moja na kuandikiana juu, ulichofanya ni kuiambia KCSAN kwamba unajua na umekubali. Mimi niliwahi kufanya hivi kwenye draiva ya mzani wa kidijitali, nikaweka alama hizo kila palipolalamika, logi ikawa safi, nikalala usingizi, msimu ulipoanza uzito ukawa unaruka na nikatumia siku nyingi kutafuta kitu ambacho KCSAN ilishanionyesha mwanzoni na mimi mwenyewe nikakinyamazisha. Kilo ni hela ya mtu, ile kazi iliniuma.

Dawa ya kweli kwa hesabu kama hii ni atomiki, yaani kusoma, kuongeza na kuandika kwa mpigo mmoja usiokatizwa:

```
#include <linux/atomic.h>

static atomic_t jumla = ATOMIC_INIT(0);
...
atomic_inc(&jumla);
...
atomic_read(&jumla)
```

Sasa karani wa mwisho atasoma 10000000 kamili, kila ukiwasha. Na kama una vitu viwili vinavyotakiwa kwenda pamoja, tuseme kilo na idadi ya magunia, atomiki mbili hazitoshi, mtu anaweza kusoma kilo mpya na magunia ya zamani, hapo weka spinloki (kufuli linaloruhusu prosesa moja tu kuingia kwa wakati mmoja) izunguke vyote viwili, na hiyo KCSAN haitakwambia kwa sababu kila kimoja peke yake kiko sawa.

READ_ONCE na WRITE_ONCE zina mahali pake, mfano mwandishi ni mmoja tu na wengine wanachungulia. Ukiwa na hali hiyo, andika na ulinzi wake juu ya pale unapoandika:

```
#include <linux/kcsan-checks.h>

ASSERT_EXCLUSIVE_WRITER(jumla);
WRITE_ONCE(jumla, READ_ONCE(jumla) + 1);
```

Maana yake unaapa mbele ya KCSAN kwamba hapa mwandishi ni wewe peke yako. Iweke kwenye mfano wetu wenye makarani wawili na utaona ripoti inarudi, safari hii imeandikwa `assert: race`. Hii ni silaha nzuri sana na watu wengi hawaijui. Na `data_race()` ile niliyoweka kwenye pr_info ni kwa pale tu ambapo namba ikikosea hakuna kitu kinachoharibika, kama kuchapisha logi. Kila unapoitumia andika komenti kueleza kwa nini, usipoweza kuieleza basi hapo sio mahali pake.

9. Ukishaelewa, nenda kwenye kodi yako. Toa mstari wa korosho kwenye Makefile, weka draiva yako, ijenge kwenye keneli hiihii. Kwa kawaida KCSAN inaanza kwa upole, inasamehe kwa mfano maandishi ya kawaida yasiyozidi ukubwa wa neno moja la prosesa. Ukitaka iwe kali washa KCSAN_STRICT kwenye konfigi, ila usianze nayo siku ya kwanza, utazama. Unaweza pia kuifanya ichungulie mara nyingi zaidi bila kujenga upya, kwa kuongeza `kcsan.skip_watch=500` kwenye ile `-append`. Namba ndogo ni ukaguzi mwingi na kasi ndogo.

Kingine, KCSAN inakamata kinachotokea tu. Kodi ambayo haikuendeshwa haikukaguliwa, kwa hiyo iache draiva yako ipige kazi muda mrefu, kutoka prosesa zaidi ya moja kwa wakati mmoja.

Ikigoma

*Hakuna ripoti hata kwenye korosho.c.* Angalia `-smp`, kisha `enabled: 1`, kisha kama umewasha bzImage mpya au ile ya jana. Hii ya mwisho imenipata mara nyingi, linganisha tarehe ya kujengwa kwenye mstari wa kwanza wa dmesg.

*Ripoti nyingi za kodi za watu wengine.* Ni kawaida, keneli ni kubwa na zingine zinajulikana. Ili funksheni fulani isikusumbue wakati unafanya yako, ndani ya QEMU:

```
echo '!jina_la_funksheni' > /sys/kernel/debug/kcsan
```

Ikiwa unataka kuizima kabisa kwa muda ni `echo off` kwenda faili lilelile, na `echo on` kuirudisha.

*Ripoti inasema `race at unknown origin`.* KCSAN imeona thamani imebadilika lakini haikumuona aliyebadilisha. Mara nyingi ni kodi isiyo na vituo vya ukaguzi au kifaa kinachoandika memori chenyewe. Usiidharau kama memori hiyo ni ya draiva yako. Anza na upande ulioonekana, jiulize nani mwingine ana anwani hiyo.

*`Failed to execute /init (error -13)`.* Umesahau chmod. Rekebisha na utengeneze upya mzizi.cpio.gz, watu wanarekebisha faili wanasahau kulifunga tena.

*QEMU inakataa `-enable-kvm`.* Jiongeze kwenye kundi: `sudo usermod -aG kvm $USER`, toka kwenye akaunti yako uingie tena. Anayetumia Linux ndani ya VirtualBox aondoe hiyo `-enable-kvm` na akubali mwendo wa pole.

*Umeme ulikatika na sasa make inalalamika faili la .o halitambuliki.* Lilikuwa linaandikwa wakati giza linaingia, limebaki tupu. Futa matupu yote na uendelee, hakuna haja ya kuanza mwanzo:

```
find . -name '*.o' -size 0 -delete
make -j4
```